Kuhani Anayechukuana Nasi: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Faraja kwa Yesu Aliyeonja Taabu Zetu

Msiba una siku zake za watu wengi na siku zake za upweke. Turubai likishafungwa, viti vya kukodi vikisharudishwa, na majirani waliokuwa wakichota maji na kupika kwenye masufuria makubwa wakisharudi makwao, mfiwa hubaki na chumba chenye nguo za marehemu na simu iliyonyamaza. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu aliyeachishwa kazi, kwa mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali na majibu asiyoyatarajia, na kwa mzazi ambaye mtoto wake amezama katika ulevi: wiki ya kwanza ina wapigaji simu, wiki ya tano haina. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wiki ya tano.

Nimehudumu kwa miaka mingi kama mzee wa kanisa, nimeketi katika misiba mingi ya wengine, na nimemzika mdogo wangu mwenyewe. Katika hayo yote nimeona kwamba faraja ya Kikristo haianzi kwa kujibiwa swali la “kwa nini mimi?”, bali huanza kwa kumjua aliyepita pale ulipo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Injili inashuhudia kwamba Mwana wa Mungu alikilalia kitanda chetu. Hatua zifuatazo zinamsaidia mtu kuliona jambo hilo kwa macho yake katika Maandiko, kisha kuliingiza katika sala yake, kisha kuliishi pamoja na wengine. Utahitaji Biblia, daftari, kalamu, na nusu saa kila siku kwa muda wa wiki mbili hivi. Usizimalize hatua zote kwa siku moja, kwa sababu moyo uliojeruhiwa hauwezi kubeba mengi kwa pamoja.

Kabla ya kuanza: neno “kuchukuana”

Andiko la msingi ni Waebrania 4:15. Katika Biblia ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, linasomeka hivi: “Kwa kuwa hamna kuhani mkuu asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu, bali yeye alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi.” Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hapo lina maana ya kuumia pamoja na mtu. Wafasiri wetu wangeweza kuandika “kuhurumia” na wasingekosea, lakini walichagua “kuchukuana”, na mimi huwashukuru kila ninapolisoma. Anayehurumia anaweza kusimama kando ya barabara akatikisa kichwa, ilhali anayechukuana na mwenzake ameingia chini ya mzigo uleule.

Inafaa pia kujua kwamba barua hii iliandikiwa watu waliokuwa katika shida halisi. Sura ya 10 inataja kwamba walitukanwa hadharani, wenzao walitiwa vifungoni, na wao wenyewe walinyang’anywa mali zao. Mwandishi hakuwaahidi kwamba mali itarudi. Aliwaonyesha kuhani.

Kanisa la kale lililinda jambo hili kwa bidii kubwa. Mtaguso wa Kalkedonia, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo ni Mungu kweli na mwanadamu kweli, mwenye mwili na roho kama sisi, kwa maana tayari kulikuwa na watu waliofundisha kwamba ubinadamu wake haukuwa kamili, na hata kabla yao wengine waliodai kwamba mwili wake ulikuwa sura tu. Kama wangesikilizwa, mfiwa asingekuwa na wa kumwendea, kwa kuwa machozi ya mtu asiye na mwili wa kweli si machozi.

Hatua ya kwanza: itaje taabu yako kwa jina lake

Sisi tuna desturi nzuri ya kusalimiana kwa kirefu, lakini ndani ya desturi hiyo tumejifunza kujificha. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu “nzuri, tunamshukuru Mungu”, na nyumbani mtoto hajala tangu jana. Jibu hilo ni adabu mbele ya wageni, lakini ukilipeleka mbele za Mungu unakuwa umemfungia mlango anayekuja kukusaidia.

Fungua daftari, uandike sentensi moja au mbili zinazosema kitu chenyewe. “Nina matatizo” haitoshi. Andika, kwa mfano: “Naogopa usiku kwa sababu sijui nitalipa nini mwisho wa mwezi”, au “Nimemkasirikia Mungu kwa kuwa niliomba mama apone, naye akafa.” Kama ni aibu, andika aibu, kama ni wivu kwa wale ambao watoto wao wako hai, uandike wivu huo. Yesu alimwuliza Bartimayo kipofu, “Wataka nikufanyie nini?” (Marko 10:51), ingawa kila mtu barabarani aliona tatizo lake. Alitaka kulisikia kutoka kinywani mwake.

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke, kwa maana ile inayofuata inaitegemea.

Hatua ya pili: tafuta mahali ambapo yeye alipita

Sasa chukua sentensi yako uende nayo katika Injili, ukitafuta mahali ambapo Yesu alikutana na jambo hilo au na mzizi wake. Kazi hii inahitaji uvumilivu, na ndiyo inayozaa matunda mengi kuliko zote. Nitataja sehemu ambazo nimewaona watu wakizitumia.

Kama taabu yako ni umaskini, anza na Luka 2:24. Wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili, na ukisoma Walawi 12:8 utaona kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Alikua akiitwa seremala katika mji mdogo wa Nazareti, akaishi kwa kazi ya mikono, na baadaye akasema, “Mwana wa Adamu hana pa kulaza kichwa chake” (Mathayo 8:20). Mpangaji aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba ana ndugu katika aya hiyo. Kama uliikimbia nchi yako kwa sababu ya vita, soma Mathayo 2:13-15, ambapo Yusufu anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, na kuvuka mpaka kuingia Misri kwa kumkimbia mtawala aliyetaka kumwua mtoto huyo.

Kama ni uchovu, nenda Yohana 4:6, ambapo ameketi kando ya kisima cha Yakobo kwa sababu ya kuchoka na safari, yapata saa sita. Hapa Kiswahili kinatupendelea, kwa maana tunahesabu saa kama Wayahudi wa wakati ule walivyozihesabu, na hatuhitaji maelezo ili kujua kwamba hilo ni jua la utosini. Soma pia Marko 4:38, ambapo amelala chomboni juu ya mto wakati wa dhoruba, usingizi wa mtu aliyefundisha makutano kutwa nzima. Mama anayeamka alfajiri kutafuta riziki na kulala baada ya wote kulala anaweza kuisoma aya hiyo bila kuona haya juu ya uchovu wake.

Kama jamaa zako hawakuelewi, soma Marko 3:21, pale ndugu zake walipotoka kwenda kumkamata wakisema, “Amerukwa na akili.” Yohana 7:5 inaongeza kwamba hata nduguze hawakumwamini. Waliomtangaza Kristo katika nyumba zilizowakataa kwa sababu hiyo wameniambia kwamba aya hizi mbili ziliwatunza kwa miaka.

Kama umesalitiwa, fuatilia usiku ule mmoja: Yuda aliyekula naye anakuja na busu, wanafunzi wote wanakimbia, na Petro aliyeapa kufa pamoja naye anasimama kwenye moto wa makaa na kukana mara tatu. Luka peke yake anatuambia kwamba Bwana aligeuka akamtazama Petro. Aliyewahi kumtazama rafiki katika saa kama hiyo anajua kilichokuwa katika macho yale, wala mimi sithubutu kukieleza.

Kama ni aibu, kumbuka kwamba alivuliwa mavazi yake mbele ya watu na askari wakayapigia kura. Kama ni maumivu ya mwili, Marko anasema walimsulibisha saa tatu, naye akalia kwa sauti kuu saa tisa, hizo ni saa sita, ambazo ndani yake Yohana anatusikizisha neno lake, “Naona kiu.” Mgonjwa anayesubiri dawa ya maumivu wodini hujua urefu wa saa moja, sembuse sita.

Na kama umefiwa lakini hukupewa nafasi ya kuomboleza, kwa sababu ulilazimika kurudi kazini au kuwatunza watoto, soma Mathayo 14 polepole. Yesu anapata habari kwamba Yohana Mbatizaji, mtu wa ukoo wake, amekatwa kichwa gerezani. Anaondoka kwa chombo kwenda mahali pasipo watu, faraghani. Makutano wanamfuata kwa miguu na kufika, naye anawahurumia, anawaponya wagonjwa wao, na jioni anawalisha wanaume wapata elfu tano, bila kuhesabu wanawake na watoto. Ni baada ya kuwaaga wote ndipo anapanda mlimani kuomba peke yake hata usiku. Kwa miaka mingi niliisoma sura hii kama habari ya mikate na samaki. Baada ya kumzika mdogo wangu niliisoma kama habari ya mtu ambaye siku yake ya kulia iliingiliwa na mahitaji ya wengine, na ambaye hakuacha kuitafuta mpaka akaipata usiku.

Ukishapata sehemu yako, inakili kwa mkono katika daftari, chini ya sentensi uliyoiandika mwanzo, na siku hiyo usitafute mafundisho mengine.

Hatua ya tatu: kaa Bethania siku tatu

Hata kama taabu yako si kifo, napendekeza utumie siku tatu katika Yohana 11:1-44. Bethania ilikuwa kijiji karibu na Yerusalemu, kadiri ya maili mbili, na mji ulioko pale leo unaitwa kwa Kiarabu al-Eizariya, jina linalotokana na Lazaro.

Siku ya kwanza soma aya ya 1 hadi ya 16, uangalie kuchelewa. Martha na Mariamu, dada zake Lazaro aliyekuwa mgonjwa, wanatuma ujumbe kwa Yesu, “yeye umpendaye hawezi”, na Yohana anasema wazi kwamba Yesu aliwapenda, kisha anasema alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Usiharakishe kulisafisha jambo hili. Kila mtu aliyeomba na kuona kimya amesimama katika siku mbili hizo. Andika katika daftari ni wapi wewe unaona amekuchelewea.

Siku ya pili soma aya ya 17 hadi ya 32. Martha anatoka kumlaki akisema, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Baadaye Mariamu anaanguka miguuni pake na kusema maneno hayohayo. Bila shaka walikuwa wameyasema wao kwa wao kwa siku nne. Yanabeba imani na lawama kwa pamoja, naye hamkemei hata mmoja wao. Angalia pia kwamba kwa maneno yaleyale aliwajibu kila mmoja kwa namna yake: Martha alihitaji neno, akapewa neno kuhusu ufufuo na uzima, Mariamu alihitaji kitu kingine. Anachukuana na kila mtu kwa kadiri ya mtu huyo, na kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako aliyefarijika upesi kwa mstari mmoja wa Biblia.

Siku ya tatu soma aya ya 33 hadi ya 44. Alipomwona Mariamu analia “aliugua rohoni, akafadhaika roho yake”, na neno la Kigiriki la kuugua linabeba hasira ndani yake. Alikuwa amesimama mbele ya kaburi akiwa na ghadhabu dhidi ya mauti. Kisha inakuja aya ya 35: “Yesu akalia machozi.” Tafakari kwamba alikuwa anajua atakachofanya baada ya dakika chache. Alijua Lazaro atatoka akiwa na sanda zake, na bado alilia. Kama kujua mwisho mwema kungekuwa sababu ya kutolia, yeye ndiye asingelia.

Kwa sababu hiyo nakusihi uyaweke kando maneno mawili ambayo wafiwa wetu huambiwa mno. La kwanza ni “jikaze, usilie, ni mapenzi ya Mungu”. La pili ni lile linaloandikwa hata kwenye ratiba za mazishi, kwamba sisi tulimpenda lakini Mungu alimpenda zaidi, kana kwamba Mungu aliyatamani mauti ya mtoto wa mtu. Mimi niliambiwa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na wote waliolisema walinitakia mema. Lakini Bwana aliyekasirika mbele ya kaburi la Bethania sikumwona ndani yake.

Hatua ya nne: omba kama alivyoomba Gethsemane

Baada ya kusoma, omba, na omba bila kuipamba sala yako. Jina Gethsemane linamaanisha shinikizo la mafuta, mahali pa kukamulia zeituni, na katika bustani hiyo chini ya mlima wa Mizeituni Yesu aliwaambia wanafunzi watatu, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami” (Mathayo 26:38). Kisha aliomba kikombe kimwepuke, na Mathayo anatuambia aliomba mara tatu kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo mtu anayerudia ombi moja usiku baada ya usiku asidhani kwamba amekosa imani.

Njia rahisi ni kuandika zaburi yako ya maombolezo kwa kuifuata Zaburi ya 13, yenye aya sita tu. Mwite Mungu kwa jina unalomwita siku zote. Mwambie lalamiko lako bila kulipunguza, kwa maana zaburi hiyo inaanza kwa kuuliza “hata lini” mara nne. Kisha omba kitu mahususi. Mwishoni andika jambo moja tu ambalo bado unaweza kulishika kuhusu yeye, hata liwe dogo namna gani, na usijilazimishe kuandika furaha usiyo nayo. Yesu mwenyewe, alipofikia mwisho wa nguvu msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Lilikuwa swali, na bado lilikuwa sala, kwa kuwa alimwita Mungu wake.

Hapa kuna jambo gumu ambalo sitaki kulipita. Waebrania 5:7 inasema kwamba siku za mwili wake aliomba kwa kulia sana na machozi kwa yeye awezaye kumwokoa na kumtoa katika mauti, “akasikilizwa”. Lakini sote tunajua kwamba kikombe hakikuondolewa. Alisikilizwa, na alikufa. Jibu lilimfikia upande wa pili wa kaburi, siku ya tatu. Kabla ya hapo, usiku uleule wa bustanini, Luka anasema malaika alimtokea akamtia nguvu, na aya inayofuata inasema alizidi kuomba kwa bidii hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Yaani nguvu aliyopewa ilikuwa ya kuendelea kuomba ndani ya dhiki. Nimeona faraja ya namna hii kwa mgonjwa mmoja niliyekuwa nikimtembelea: hakupona, hakuacha kulia, na hakuacha kuomba.

Hatua ya tano: yajibu mashaka yako kwa uaminifu

Baada ya siku kadhaa mashaka mawili huja karibu kwa kila mtu.

La kwanza linasema: kama hakutenda dhambi, atajuaje uzito wa jaribu langu? Mfikirie mchukuzi sokoni. Aliyelitua gunia baada ya hatua kumi anajua uzito wa hatua kumi. Aliyelifikisha mwisho wa safari anaujua uzito wote. Sisi hulitua gunia la jaribu kwa kukubali kushindwa, na hapo shinikizo linapungua. Yeye hakulitua. Ndiyo maana Waebrania 2:18 inasema kwamba kwa kuwa mwenyewe aliteswa alipojaribiwa, aweza kuwasaidia wao wanaojaribiwa.

La pili ni zito zaidi, na mara nyingi nimeulizwa na akina mama: Yesu hakuzaa, hakuharibikiwa na mimba, hakuwa mjane, hakuzeeka, anachukuana nami vipi? Ni kweli hakupitia kila tukio, na hatumheshimu kwa kudai hivyo. Lakini aliingia katika mizizi ya matukio hayo yote, yaani maumivu ya mwili, kupoteza, kudharauliwa, kuachwa na kufa. Tena tazama alivyowatendea wale ambao hali yao haikuwa yake. Mwanamke wa Marko 5 alitokwa damu miaka 12, alikuwa ameteswa na waganga wengi na kumaliza mali yake yote. Yesu alimsimamisha mbele ya umati, akasikiliza habari yake yote, akamwita “Binti”. Pale Naini, mjane aliyekuwa akimzika mwanawe wa pekee hakuomba kitu. Yesu alimwona, akamhurumia, akaligusa jeneza. Na msalabani, akiwa anakosa pumzi, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda.

Tunasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hiyo inafunga mlango: hakuna aliye hai anayeweza kusema anakijua kifo. Katika Kristo tu mlango huo una ufa, kwa sababu alikufa, akazikwa, na sasa yu hai akituombea.

Hatua ya sita: ruhusu watu wakuchukulie mzigo

Wagalatia 6:2 inasema, “Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo.” Utaona shina la kitenzi ni lilelile, “chukua”. Kuhani anachukuana nasi, na mara nyingi mikono anayotumia ni ya watu. Yeye mwenyewe alikubali kuchukuliwa mzigo: aliwaomba rafiki watatu wakeshe, na ingawa walilala, alikuwa ameomba; tena njiani kwenda Golgotha Simoni wa Kirene aliubeba msalaba wake. Kama Bwana alihitaji bega la mpita njia kutoka Afrika ya Kaskazini, wewe usione haya kumhitaji jirani.

Chagua mtu mmoja anayeweza kutunza siri: mchungaji, padre, mzee wa jumuiya, shangazi mwenye busara. Msomee sentensi ya hatua ya kwanza, na umwambie unachotaka kutoka kwake, kama ni kuomba nawe, au kukupigia simu kila Jumatano, au kukaa nawe tu.

Nawaomba wasomaji waliangalie neno hili kwa makini, kwa kuwa nimeona mateso ya Kristo yakitumiwa vibaya. Mke anayepigwa huambiwa avumilie kama Yesu. Lakini Yesu aliondoka Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa mlima (Luka 4:30), alitoka hekaluni walipookota mawe (Yohana 8:59), na aliponyoka mikononi mwao walipotaka kumkamata (Yohana 10:39). Alijitoa katika saa yake, kwa hiari yake, kwa ajili ya wokovu wa ulimwengu. Hakuna popote alipomwagiza mtu aliyedhaifu abaki chini ya ngumi. Kama unapigwa nyumbani, kutafuta usalama kwako na kwa watoto ni jambo linaloweza kufanywa kwa imani, na huanza leo.

Vivyo hivyo, kama huzuni imekuondolea usingizi na hamu ya chakula kwa wiki nyingi, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibiwa. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa usingizi, mkate na maji, kabla ya neno la Bwana kumjia (1 Wafalme 19). Nenda hospitali kama ungeenda kwa homa. Na kama yamekujia mawazo ya kujiua, usingoje kumaliza mwongozo huu: mwite mtu sasa akae nawe, na akupeleke kwa daktari.

Siku ambayo huhisi chochote

Itakuja siku utakayosoma Bethania na Gethsemane na moyo wako ukabaki kama jiwe. Usiongeze sala ndefu siku hiyo. Soma Zaburi ya 88, ambayo kinyume na nyingine za maombolezo inaishia gizani bila neno la sifa, na ambayo Roho wa Mungu aliiacha katika Biblia hivyo hivyo. Isome kwa sauti, funga kitabu, ule chakula, ulale. Kesho rudi kwenye sehemu uliyoinakili katika hatua ya pili.

Hatua ya saba: wakati utakapoweza, nenda kwa mwingine

Usiifanye hatua hii mapema. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 1:4 kwamba Mungu hutufariji ili nasi tupate kuwafariji walio katika dhiki, na mpangilio huo una maana: kwanza unafarijiwa. Lakini miezi ikipita utasikia habari ya mtu aliyeondokewa, na utajua kwamba wiki yake ya tano imefika.

Nenda basi katika wiki hiyo. Beba kitu kidogo, sukari au unga, na usiandae hotuba. Rafiki zake Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na ndilo jambo jema kuliko yote waliyomfanyia; walikosea walipoanza kueleza. Sema “pole”, neno ambalo lugha yetu imelijalia kubeba mengi, kisha nyamaza. Mwulize jina la marehemu na ulitamke. Kama atataka kusoma, someni pamoja Yohana 11 mpaka aya ya 35, na mwishie hapo kwa siku hiyo. Akikuletea picha ya mpendwa wake, ishike kwa mikono miwili, uitazame mpaka atakaponyosha mkono wake mwenyewe kuichukua.